Utunzaji wa Nyumba: Baraza ya Mbao Haipigwi Deki

Mwezi huu tunatoka jikoni na kwenda kukaa nje, barazani. Tutazungumza juu ya baraza iliyojengwa kwa mbao: jinsi ya kuisafisha, kuikagua na kuitunza ili idumu, na ili isimdhuru mtoto, mgeni wala mzee wa nyumba.

Labda unasema, "Sakafu yangu ni ya saruji, hayo hayanihusu." Ngoja kidogo. Nchi ya Karatu ni ya vilima. Anayejenga mtelemkoni hulazimika kujaza mawe na kifusi kingi kabla ya kumwaga zege. Fundi anapopiga hesabu, mara nyingine huona ni nafuu kusimamisha nguzo, kulaza boriti na kupigilia mbao juu. Wapo pia akina mama waliojenga chumba cha wageni, kwa kuwa Karatu ni njia ya kwenda Ngorongoro, na mgeni hupenda kukaa nje asubuhi na kikombe chake cha kahawa. Tena wapo wengi wanaofanya kazi katika hoteli na kambi za watalii, ambako kufagia baraza za mbao ndiyo kazi ya kwanza ya siku.

Utunzaji huu hatukurithishwa na bibi zetu. Nyumba za asili za Wairaqw, yaani tembe, zilikuwa na sakafu ya udongo. Hata ufundi wetu wa usafi tuliufundishwa juu ya udongo na saruji. Ndiyo maana mama mwenye bidii, aliyelelewa vizuri, anaweza kuiharibu baraza ya mbao upesi kuliko jirani yake mvivu. Mvivu huiacha na vumbi. Mwenye bidii huimwagia ndoo mbili za maji kila asubuhi, na kuipiga deki!

DEKI NI YA MELINI

Neno deki tulilipata melini. Deki ni sakafu ya juu ya meli, na mabaharia wa zamani waliisugua kwa maji kila siku, nayo ilikuwa ya mbao. Je, mbona haikuoza? Kwanza, maji yale yalikuwa ya bahari, na chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao. Pili, nafasi kati ya mbao zilizibwa kwa nyuzi na lami, maji yasipenye chini. Baraza yako haina lami katikati ya mbao, na maji yako ya bomba au ya mvua hayana chumvi. Kwa hiyo desturi ya meli haifai Karatu.

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Zipo mbao zilizokaa ndani ya nyumba kavu miaka 100 na bado ni ngumu. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji unyevu ili waishi. Mbao ikiwa kavu, kuvu hawapati nafasi. Unyevu ukizidi asilimia 20 hivi na kubaki hapo kwa muda, wanaanza kuila. Kwa hiyo shika neno moja tu: mbao ikilowa si neno, lakini isilale na maji. Mambo mengine yote tutakayoeleza yanatoka hapo.

KARATU NA UKINGONI SI SAWA

Mji wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda barabara hadi lango la Lodoare na kuendelea mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unafika penye mita 2,300 hivi. Ni safari fupi kwa gari, lakini mbao huishi maisha mawili tofauti.

Huku chini adui ni jua na vumbi. Jua la nyanda za juu ni kali mchana, na usiku baridi huingia. Mbao hutanuka, husinyaa, kisha hupasuka. Uso wake hugeuka rangi ya kijivu na kutoa vibanzi vinavyochoma nyayo. Vumbi jekundu nalo hujaa katika nafasi kati ya mbao. Mvua ikinyesha, vumbi lile huwa tope, na tope hushika maji kwa siku nyingi baada ya jua kutoka. Ndipo mbao inapoozea, pembeni na chini, mahali usipopaona.

Kule juu adui ni ukungu wa asubuhi. Ukiona miti ya msitu wa ukingoni inavyoning'inia ndevu za kuvumwani, utajua kwamba hapo hapakauki kirahisi. Mbao huota utando wa kijani, nao huteleza kama sabuni. Anayefanya kazi huko anajua kwamba ngazi ya mbao asubuhi ni ya kukanyaga kwa hadhari.

Kwa hiyo wa Karatu aangalie zaidi nafasi za vumbi na nyufa. Wa ukingoni aangalie zaidi utelezi.

USAFI WA KILA SIKU

Kazi ya kila siku ni ufagio, wala si ndoo. Fagia kwa kufuata urefu wa mbao, si kwa kuzikata. Mchanga ukiachwa, kila mguu unaopita huwa kama msasa. Weka kitambaa kigumu au gunia safi kwenye ngazi ili watu wafute miguu, na likilowa, lianikwe juani. Lisilale juu ya mbao.

Mara moja kwa wiki chukua kijiti chembamba kilichochongwa, au kisu butu, upitishe katika nafasi za mbao. Kazi hii wape watoto wakubwa baada ya shule. Utashangaa kuona udongo, majani na maganda ya karanga yatakayotoka. Hii ndiyo kazi inayookoa baraza kuliko nyingine zote, na haihitaji hata tone la maji.

Chai au uji ukimwagika, futa mara moja kwa kitambaa kilichokamuliwa. Vyungu vya maua viinuliwe kwa vipande vya matofali ili hewa ipite chini. Chungu kilichokaa mahali pamoja mwaka mzima huacha duara jeusi, na mara nyingi shimo.

Jambo jingine ni jiko la mkaa. Jioni za Juni na Julai hapa ni za baridi, na watu hupenda kuota moto barazani. Juu ya mbao, hapana. Kaa moja likiangukia katika nafasi na kukuta majani makavu chini, moto unaweza kuanza mkiwa mmelala.

KUOSHA MARA MBILI KWA MWAKA

Kuosha kwa maji na sabuni kunatosha mara mbili kwa mwaka, isipokuwa kule kwenye ukungu, ambako utando wa kijani usingojewe. Kwa baraza ya mita 3 kwa 4, ndoo mbili za lita 20 zinatosha. Kwa wale wanaonunua maji kwa dumu, hii ni habari njema.

1. Chagua asubuhi ya siku yenye jua na upepo, ili baraza ikauke kabla ya jioni.

2. Ondoa vitu vyote, fagia, na kwangua nafasi zote.

3. Katika ndoo ya kwanza weka sabuni ya unga kiasi cha vijiko vitatu vya chakula. Sugua kwa brashi ya nyuzi ngumu au ya nailoni, ukifuata urefu wa mbao. Osha mbao tatu nne, suuza kwa kitambaa na maji ya ndoo ya pili, kisha endelea. Usilowanishe baraza nzima kwa mara moja.

4. Mwisho, kausha kwa kitambaa mahali maji yanapokusanyika, hasa kwenye vichwa vya mbao. Kichwa cha mbao hunywa maji kuliko uso wake, kama mabua yanavyofyonza.

Usitumie stilwaya ya kusugulia masufuria. Vipande vyake hubaki katika mbao, hushika kutu na kuacha madoa meusi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki, hudhoofisha nyuzi za mbao. Tena isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo, kwa maana hutoa hewa yenye sumu. Kwa doa jeusi la msumari, paka maji ya ndimu peke yake, ngoja dakika chache, sugua na suuza. Doa hupungua.

UKAGUZI WA KISU

Baada ya mvua za masika kwisha, yaani mwezi Juni, chukua kisu chenye ncha uikague baraza. Usiangalie uso wa mbao tu. Uso unaweza kupendeza na ndani kuwa unga. Sukuma ncha ya kisu mahali hapa: kwenye vichwa vya mbao, mahali mbao inapolala juu ya boriti, kuzunguka misumari, na chini ya nguzo panapokutana na ardhi. Kisu kikikataa, mbao ni nzima. Kikiingia kama kwenye mkate, mbao hiyo imekwisha, ibadilishwe. Usifunike kwa mkeka wala zulia! Mkeka huzidisha unyevu, na siku mbao itakapovunjika, atakayekuwa juu yake huenda ni mama mkwe na mjukuu mkononi.

Angalia pia mchwa. Wao hupanda nguzo kwa njia zao za udongo. Vunja njia hiyo. Ukiikuta imejengwa tena baada ya siku mbili tatu, mwite fundi. Usirundike kuni chini ya baraza, maana ndiko mchwa wanakoanzia. Ukiona unga mwembamba umeanguka chini na vitundu vidogo juu, mbao imebunguliwa.

Tikisa reli za pembeni kwa nguvu kama mtu mzima anayeegemea. Nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 10, kwani mtoto mdogo hupitisha mwili, kichwa kikakwama. Msumari uliochomoza upigwe au, bora zaidi, utolewe na kutiwa skrubu iliyopakwa zinki, ambayo haishiki kutu upesi.

MAFUTA GANI?

Mbao ya nje huhitaji kulishwa mafuta, kama ngozi yetu wakati wa upepo mkavu. Mafuta mazuri ni yale ya mbao za nje yenye dawa ya kuvu. Yakikosekana, maduka ya vifaa vya ujenzi huuza mafuta ya linsidi yaliyochemshwa. Mkono wa kwanza yachanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili yapenye. Wa pili yapake bila kuchanganya. Lita moja hutosha takriban mita 10 za mraba, ingawa mbao kavu sana hunywa zaidi. Paka kidogo, ngoja dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu. Mafuta yaliyoachwa juu hunata na kukamata vumbi. Vichwa vya mbao vipakwe mara mbili.

Sasa sikiliza kwa makini. Vitambaa vilivyopakia mafuta ya linsidi vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Yakikauka hutoa joto, na kitambaa kikikunjwa na kutupwa pembeni, joto hilo hukusanyika mpaka likawasha moto. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Mafuta ya kupikia hayafai. Hayakauki, huchacha na kuita sisimizi. Vanishi ya ndani nayo hubanduka juani, na maji hunaswa chini yake.

Kisha kuna oili chafu. Hii ndiyo dawa ya mbao inayopendwa na mafundi wengi, kwa kuwa hupatikana gereji kwa bei ndogo, na mchwa huikimbia. Juu ya uzio wa shamba, kila mtu na uamuzi wake. Juu ya baraza, kataa. Oili iliyotoka kwenye injini ina vitu vinavyosababisha saratani pamoja na madini mazito. Haikauki vizuri, huchafua nguo, huteleza, na mtoto anayetambaa huishika kwa viganja kisha anatia vidole mdomoni. Fundi akisema, "Mama, hii ndiyo kinga," mjibu kwa upole kwamba hiyo ni kinga ya mbao, na wewe unakinga watoto.

MBAO ZA KIJANI ZISIINGIE JIKONI

Hapa tumefika kwenye jambo zito, na tunaomba umsomee pia binti wa kazi na vijana wanaokata kuni.

Mbao na nguzo nyingi za paini zinazouzwa kwa ujenzi wa nje zina rangi ya kijani kibichi kilichofifia. Zimesukumiwa dawa kwa nguvu ya mashine ili zisiliwe na mchwa wala kuoza. Dawa iliyotumika sana duniani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za nyumba za kuishi mwishoni mwa mwaka 2003, kwa sababu aseniki ni sumu. Mbao hizo zikiwa mahali pake, zimepakwa mafuta, na watu wakinawa mikono kabla ya kula, hatari ni ndogo. Hatari kubwa ni kuzichoma.

Fundi akimaliza kazi huacha vipande vingi vikavu, vizuri, vya kupendeza jikoni. Kuni ni ghali, na kila mama ataviona kama zawadi. Lakini moto hauchomi aseniki ikaisha. Sehemu hupanda na moshi unaovutwa na aliyeinama kupuliza moto na mtoto aliye mgongoni. Sehemu kubwa hubaki katika majivu. Na sisi majivu hatutupi! Tunasugulia masufuria, tunamwaga kwenye mchicha, na wengine huchanganya na maharage au ngwara ghalani ili yasibunguliwe. Ng'ombe na mbuzi nao huyalamba kwa kutafuta chumvi, na imewahi kutokea ng'ombe wakafa kwa kulamba majivu ya mbao za namna hii.

Kwa hiyo vipande vya kijani visipikiwe, visiotwe, wala visichomwe na takataka. Vitumie kwa uzio au ngazi ya banda la vifaa. Vilivyooza vifukiwe mbali na kisima na bustani. Fundi akikata au kupiga msasa, afunge kitambaa puani, atandike turubai chini, na watoto wakae mbali mpaka unga wote ukusanywe. Usipande mboga chini kabisa ya nguzo hizo.

KABLA YA KUJENGA

Ikiwa bado hamjajenga, kaeni na baba watoto mzungumze kabla fundi hajalipwa. Mara nyingi baba ndiye anayenunua mbao na mama ndiye atakayezifagia miaka yote. Ni haki mama aseme. Paini isiyotiwa dawa ni rahisi lakini huoza upesi. Saiprasi huvumilia kiasi. Mtiki na mvule hustahimili sana, ila bei yake ni kubwa. Mwambieni fundi aache kati ya mbao na mbao nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4, ainamishe baraza kidogo kuelekea nje, na asimamishe nguzo juu ya zege au jiwe, si udongoni. Na mbao yenyewe mjue imetoka wapi. Msitu wa nyanda za juu unaozunguka Ngorongoro ndio unaotunza chemchemi zetu. Anayenunua mbao isiyo na risiti wala kibali huenda ananunua kiu ya watoto wake mwenyewe.

KALENDA YA BARAZA

Bandika hii nyuma ya mlango wa stoo:

Januari au Februari, katikati ya mvua: kwangua nafasi zote, osha, tazama vichwa vya mbao.

Juni, baada ya masika: ukaguzi wa kisu, na kuandika mbao zinazohitaji kubadilishwa.

Julai: usipake mafuta, baridi na mawingu huyazuia kukauka.

Agosti mwishoni au Septemba: fundi atengeneze, uoshe, uache ikauke siku tatu nne za jua, kisha upake mafuta mikono miwili kabla ya vuli ya Novemba.

Kila siku: ufagio.

Mama, ukiangalia orodha hii utaona kwamba kazi imepungua kuliko ulivyokuwa ukifanya. Ule muda wa kubeba ndoo mbili kila asubuhi umerudishiwa. Baraza ikikauka, kaa juu yake dakika kumi na chai yako kabla watoto hawajaamka. Kwa heri mpaka toleo lijalo.